Makombe pekee hayakupi kadi ya kijani Marekani

KATIKA soka la Bongo, kocha hupimwa kwa makombe. Amebeba ubingwa mara ngapi, kafika wapi kimataifa, kawatoa vijana gani. Viongozi wakiridhika na hayo wanamalizana naye mezani, na kesho yake asubuhi anasimamia mazoezi.

Marekani kuna mlango mmoja wa uhamiaji ambao hauendi hivyo kabisa. Kocha anaweza kuubisha akiwa na begi zima la medali akarudishwa, halafu mtaalamu wa viungo ambaye hakuna shabiki anayemjua jina akapita.

Mlango huo unaitwa msamaha kwa maslahi ya taifa, maarufu kwa kifupi cha NIW. Wanaouza huduma za viza mitandaoni huunadi kama njia ya mkato kwa mtu yeyote mwenye cheti na uzoefu, na wanamichezo nao wamo kwenye wanaolengwa. Mkwanja unatoka, faili linapelekwa, kisha linapigwa chini kwa sababu ambayo mwombaji hakuwahi kuambiwa: alijaza faili zima kwa alichokifanya jana, wakati aliyekuwa analisoma alitaka kujua atafanya nini kesho.

MCHEZAJI HURU ASIYE NA KLABU

Kwa kawaida, mgeni anayetaka makazi ya kudumu Marekani kwa njia ya kazi lazima awe na mwajiri. Kwenye kundi la pili la viza za kazi, linaloitwa EB-2, mwajiri huyo hatakiwi tu kusema anamtaka mtu fulani. Anatakiwa kwanza kuitangaza nafasi, kisha kuithibitishia Wizara ya Kazi kwamba hakupata Mmarekani mwenye sifa aliyekuwa tayari kuifanya. Mchakato huo unakula muda na pesa.

Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990 iliacha upenyo. Ikiwa kazi ya mgeni ina maslahi kwa taifa la Marekani, serikali inaweza kumsamehe masharti hayo mawili, yaani kuwa na mwajiri na kupitia Wizara ya Kazi. Anajiombea mwenyewe, kama mchezaji huru anayekwenda mezani bila klabu nyuma yake.

Hapo ndipo utamu ulipo, na mtego uko hapohapo. Mchezaji huru hana klabu ya kumsemea. Kila kitu lazima akithibitishe kwa karatasi zake.

WACHEZAJI HUPITIA KWINGINE

Shabiki asichanganye habari hii na usajili wa MLS. Mchezaji anayesajiliwa na klabu ya Marekani kwa kawaida huingia kwa viza ya muda ya P-1, inayotolewa kwa wanamichezo wanaotambulika kimataifa, au O-1, ya watu wenye uwezo usio wa kawaida. Zote mbili zinategemea klabu au wakala aliyeko Marekani kumwombea.

Akishazoea mazingira, klabu nyingi humsaidia kutafuta kadi ya kijani, na wala si kwa huruma. Kwa kanuni za MLS kila klabu hupewa nafasi nane za wachezaji wa kigeni, na nafasi hizo huuzwa na kununuliwa kati ya klabu kama bidhaa. Mchezaji akipata kadi ya kijani, kwa klabu za Marekani hahesabiwi tena kuwa mgeni. Nafasi yake inabaki wazi kwa usajili mwingine.

Wengine kutoka ukanda huu walipita njia tofauti kabisa. Mkenya Lawrence Olum na Mganda Michael Azira walianzia kwenye soka la vyuo vya Marekani kabla ya kucheza MLS. Bernard Kamungo alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, familia yake ikahamishiwa Texas mwaka 2016, akaonekana kwenye majaribio ya wazi na kupanda hadi FC Dallas. Januari 2024 aliichezea timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia. Hakuhitaji NIW hata mara moja.

NIW inawahusu zaidi wale wa pembeni ya uwanja: makocha, wakufunzi wa makocha, wataalamu wa viungo, madaktari wa michezo, watafiti wa mazoezi na wachambuzi wa takwimu. Mchezaji hakatazwi, kwani uamuzi wa mwaka 1969 uliomhusu mcheza gofu wa kulipwa ulikubali kwamba mwanamichezo anaweza kuingizwa kwenye fungu la sanaa. Ila kuthibitisha kwamba wewe kucheza mpira kuna maslahi kwa taifa zima la Marekani ni mlima mrefu.

KWANZA UWE NA SIFA

Kabla ofisa hajafika kwenye maslahi ya taifa, anaangalia kama mwombaji anaingia EB-2 kwanza. Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni elimu: shahada ya uzamili na kuendelea, au shahada ya kwanza pamoja na miaka mitano ya kazi inayopanda ngazi baada ya shahada hiyo. Tangu mwongozo uliotolewa Januari 2025, Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, USCIS, imekaza zaidi hapa. Elimu hiyo lazima ihusiane na kazi unayokwenda kuifanya, na kazi yenyewe iwe ya taaluma ambayo kwa kawaida huhitaji shahada. Mwenye uzamili wa uhasibu anayetaka kwenda kufundisha mpira atakwama hapo.

Ya pili ni uwezo wa kipekee. Kuna vigezo sita, na mwombaji anatakiwa ashike angalau vitatu: cheti cha masomo ya fani husika, barua za waajiri zinazoonyesha miaka 10 ya kazi ya muda wote, leseni ya kazi, malipo yanayoonyesha ubora wake, uanachama wa vyama vya kitaaluma, na kutambuliwa kwa mchango wake kwenye fani.

Hapa kocha wa Afrika Mashariki ana cha kuonyesha. Leseni ya CAF ni leseni. Barua za klabu alizofundisha ni ushahidi wa miaka. Tuzo ya kocha bora ni kutambuliwa. Lakini kutimiza vitatu bado hakujamaliza kazi, kwa sababu ofisa anaupima ushahidi wote kwa pamoja na kuuliza kama kweli mtu huyu yuko juu ya kawaida ya fani yake.

Hadi hapo ni kama timu imefuzu makundi tu. Mechi yenyewe haijaanza.

MASWALI MATATU YA DHANASAR

Desemba 27, 2016, ofisi ya rufaa ya USCIS ilitoa uamuzi kwenye kesi inayojulikana kwa jina la Dhanasar, iliyomhusu mtafiti na mwalimu wa uhandisi wa vyombo vya anga. Uamuzi huo ndio unaotumika mpaka leo, na umeweka maswali matatu.

Swali la kwanza: kazi unayokusudia kuifanya ina thamani kubwa na uzito wa kitaifa? La pili: wewe mwenyewe una nafasi nzuri ya kuitekeleza? La tatu: ukipima faida na hasara, Marekani itanufaika zaidi ikikusamehe mwajiri na Wizara ya Kazi?

Swali la kwanza ndilo linalowamaliza makocha, na sababu imo ndani ya kesi yenyewe. Mwombaji yule alishinda kwa utafiti wake. Alipotaja pia kwamba atafundisha wanafunzi, ofisi ya rufaa ilikubali kuwa kufundisha kuna thamani kubwa, ila ikasema hakuonyesha jinsi darasa lake lingeigusa fani kwa upana. Lingewanufaisha wanafunzi wake, likaishia hapo.

Weka neno kocha mahali pa mwalimu, utaona ugumu wenyewe. Kocha akiandika kwamba atakwenda kufundisha akademi ya vijana Ohio na kuwainua vipaji, ofisa hatabisha kuwa ni kazi njema. Atauliza: mbali na watoto hao na klabu hiyo, nani mwingine atanufaika? Makocha wa michezo mbalimbali waliokata rufaa wamekutana na hoja hiyohiyo.

Wengi hujibu kwa kutaja ukubwa wa mchezo wenyewe. Wanaandika kurasa nzima kuhusu Kombe la Dunia la 2026 na miji yake 11 ya Marekani, Olimpiki ya Los Angeles 2028 na idadi ya watoto wanaocheza soka. Hiyo ni kupiga shuti nje. Dhanasar inataka uzito wa kazi ya mwombaji huyu mmoja, na umuhimu wa soka kwa ujumla haumbebi. Kila kocha wa dunia hii angeweza kuandika kurasa hizohizo.

MAKOCHA WAWILI, MAFAILI MAWILI

Chukua mfano wa makocha wawili wa kufikirika. Wa kwanza ana ubingwa wa ligi mara tatu na amewahi kukaa benchi la timu ya taifa. Kwenye ombi lake ameandika kwamba anataka kuendeleza soka Marekani kwa uzoefu wake mkubwa. Basi.

Wa pili hana hata kombe moja la ligi kuu. Ila kwa miaka minane amekuwa mkufunzi wa makocha wa wasichana, ameandika programu ya mazoezi ya kupunguza majeraha ya goti, na programu hiyo imeshatumiwa na akademi kadhaa ambazo hana uhusiano nazo. Ana rekodi za majeraha kabla na baada. Mpango wake unaeleza atawafundisha makocha wangapi, kwenye majimbo yapi, kwa vifaa gani, na matokeo yatapimwaje. Ana barua za taasisi za Marekani zinazosema zinataka kuijaribu.

Wa pili hana uhakika wa kushinda, kwa kuwa hakuna ombi la NIW lenye uhakika. Lakini yeye ndiye anayejibu swali lililoulizwa. Kuumia kwa ACL, ile kano ya mbele ya goti, huwakumba wachezaji wa kike kuliko wa kiume, na huko Marekani soka la wasichana ni kubwa. Kazi yake inatoka nje ya timu moja na kuigusa fani nzima. Yule wa kwanza amewasilisha CV.

Ndiyo maana watu wa fiziotherapia, sayansi ya michezo na takwimu mara nyingi wana pa kuanzia pazuri kuliko makocha wakuu. Kazi yao huandikwa, hupimwa na hutumiwa na watu wengine ambao hawajawahi kukutana nao.

Swali la pili ndipo medali na miaka ya benchi zinapopata kazi yake. Hapo ofisa anaangalia elimu, ujuzi, rekodi ya mafanikio, mpango wa utekelezaji, hatua zilizokwisha kupigwa, na kama kuna watu au taasisi zenye nia ya kushirikiana na mwombaji au kumlipa. Kwa swali la tatu, anayekwenda kufanya kazi na taasisi nyingi kwa wakati mmoja anaweza kueleza kwa nini kumtafutia mwajiri mmoja hakuna maana.

NYOTA WA ZAMANI NAYE AJIPANGE

Kuna mlango wa juu zaidi, EB-1, wa wenye uwezo usio wa kawaida. Huo unataja michezo kwa jina, hauhitaji mwajiri wala swali la maslahi ya taifa, na mtu anaweza kujiombea. Unataka tuzo moja kubwa ya kimataifa au angalau vigezo vitatu kati ya 10, pamoja na sifa iliyodumu.

Nyota wengi waliostaafu hudhani mlango huo ni wao moja kwa moja. Mwaka 2002, mahakama ya shirikisho jimboni Illinois iliunga mkono serikali kumkatalia nyota wa zamani wa besiboli kutoka Korea Kusini aliyetaka kuingia kama kocha. Ubora wake wa kucheza haukubishaniwa. Tatizo lilikuwa kwamba kucheza na kufundisha vilihesabiwa kuwa fani mbili tofauti, na sifa ilikuwa kwenye ile ya kwanza.

Miongozo ya USCIS inaruhusu kuangalia picha nzima pale mchezaji aliyetamba karibuni ameshafundisha kwa kiwango cha kitaifa. Ila somo kwa mchezaji anayekaribia kutundika daluga ni lilelile: rekodi ya ukocha inaanza kujengwa mapema.

FAILI LINALOANGUSHWA NA JINA LA UTANI

Wataalamu wa Afrika Mashariki wana shida moja ya ziada, nayo ni kumbukumbu. Klabu imebadilisha viongozi mara nne na hakuna anayeujua mkataba wa 2014 uko wapi. Malipo yalikuwa ya mkononi. Programu ya mazoezi ipo kichwani mwa kocha.

Halafu kuna jina. Magazeti yanamwandika mtu kwa jina la utani miaka 12, pasipoti inasema kingine. Ofisa wa Marekani hawezi kukisia kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Inahitajika barua ya klabu au shirikisho, au kiapo, kinachounganisha majina hayo.

Kila karatasi ya Kiswahili, ikiwemo makala ya gazeti, lazima iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza na tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba ana uwezo wa kutafsiri. Sheria haikubali muhtasari wa mistari miwili.

Barua za wataalamu nazo zina mtego. Barua sita zenye maneno yaleyale, zote kutoka kwa marafiki wa benchi moja, hazina nguvu. Barua moja ya mtu asiyekufahamu binafsi, anayeeleza alivyoitumia kazi yako na ikabadilisha nini, inabeba zaidi.

MKWANJA NA FOLENI

Ombi hupelekwa kwa fomu I-140. Ada yake ni Dola 715, na tangu Aprili 2024 anayejiombea mwenyewe huongeza Dola 300 za mfuko wa hifadhi, jumla Dola 1,015. Hiyo ni kabla ya mwanasheria na tafsiri. Anayetaka jibu ndani ya siku 45 za kazi hulipa ada nyingine kubwa kuliko hizo zote, na kinachonunuliwa hapo ni kasi ya jibu tu. Ombi likikataliwa, ada za kuwasilisha hazirudi.

Ofisa akiona pengo anaweza kuandika barua ya kudai ushahidi zaidi, na mwombaji hupewa hadi siku 84 kujibu. Hapo wengi huokoa ombi au kulipoteza, kwa sababu jibu hutumwa mara moja.

Kingine kisichosemwa na wauza viza: kukubaliwa kwa I-140 bado hakujakupa kadi ya kijani. Kunakupa namba kwenye foleni. EB-2 hutengewa takribani viza 40,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, wakihesabiwa humo wenza na watoto wa chini ya miaka 21. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa ya foleni imefika wapi. Namba ikifika ndipo anayeishi nje huenda ubalozini kwa usaili, na aliyeko ndani kihalali huomba kubadilishiwa hadhi.

Juu ya yote kuna amri za kuingia. Juni 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri iliyozuia au kubana raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwemo. Desemba mwaka huohuo orodha iliongezwa na Tanzania ikatajwa kwenye kundi la zuio la sehemu, linalogusa pia viza za wahamiaji. Amri hizo zimewatoa wanamichezo, makocha na wasaidizi wao wanaokwenda Kombe la Dunia, Olimpiki na mashindano makubwa. Anayekwenda kuishi hayumo kwenye msamaha huo. Kabla ya kutoa hata dola moja, mtu anatakiwa aangalie nchi ya pasipoti yake iko wapi kwenye orodha siku hiyo.

WA KUMUAMINI NI NANI

Kisheria, wanaoruhusiwa kumwakilisha mtu mbele ya USCIS ni mwanasheria mwenye leseni Marekani au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo. Wakala wa wachezaji hayumo. Mshauri wa viza mwenye ofisi nzuri mjini hayumo. Leseni ya mwanasheria huangaliwa kwenye rejesta ya jimbo lake, bure.

Anayeahidi ushindi ni wa kukimbiwa. Anayetaka kutunga barua au kuongeza miaka ya kazi ni hatari zaidi, kwa sababu udanganyifu ukigundulika unaweza kumfungia mwombaji mlango wa Marekani maisha yake yote, na sahihi iliyo kwenye fomu ni ya mwombaji.

Kocha au mtaalamu anayelifikiria jambo hili anaweza kujipima kabla ya kumlipa yeyote. Achukue karatasi moja, aandike atafanya nini Marekani, nani nje ya timu yake atanufaika, na kipi alichokwisha kufanya kinachoonyesha kwamba inawezekana. Akikuta karatasi imejaa makombe na haina mpango, bado ana kazi ya kufanya hapahapa nyumbani: aandike programu yake, aipeleke kwa klabu nyingine waijaribu, atunze takwimu, adai mkataba na barua kila anapoondoka klabu. Hata asipovuka bahari, kumbukumbu hizo zitamfaa siku akiitwa kwenye usaili wa benchi la klabu kubwa.